Zoezi Langu Lilimtangaza Mwalimu Mutua Kuwa Marehemu

Mimi ni karani wa kanisa letu hapa Tawa, na ninajifunza kuandika programu za kompyuta kwa mazoezi madogo madogo. Zoezi la juzi lilikuwa kuwatumia watu wengi ujumbe mmoja. Nikaweka orodha ya waumini, nikaandika, "Mwalimu Mutua ametuacha." Ni jirani yangu, jina lake lilinijia upesi. Nilidhani maneno yataishia kwenye skrini, kumbe programu iliyatuma kwa waumini wote kwa jina la kanisa.

Kabla ya saa sita nikasikia kilio kwake, nikakimbia. Binti yake Mwende alikuwa chini uani, akina mama wamemshika. Mwalimu akatokea shambani, jembe begani.

"Mwende, nani amekufa?"

Mwende akampa simu. Mwalimu akasoma polepole, kisha akanigeukia.

"Karani, ujumbe huu umetoka kanisani."

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Nilikuwa najifunza."