Nilifuta Sauti ya Mama wa Rafiki Yangu, Nikampa ya Mtu Mwingine

Admin, nifiche kabisa, Bariadi tunajuana hadi kwa mwendo. Mimi ni mwanaume wa miaka 29, natengeneza gemu na rafiki yangu, nimwite Masanja. Wee, tumechekwa! "Yaani digrii yote hiyo mnacheza gemu?"

Kwenye gemu yetu unachunga ng'ombe, wakila pamba ya jirani umeshindwa. Ukishinda, mama mmoja anawaita warudi zizini, kila mmoja kwa jina lake. Huyo alikuwa mama mzazi wa Masanja, mjane wa Ipililo aliyechunga mifugo yake mwenyewe. Tulimrekodi akiita, akikohoa, akitucheka: "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe gani hao wanaokaa kwenye kioo?"

Kwenye kompyuta ilienda vizuri. Kwenye mashine ya kuchomeka kwenye TV tulihamisha vitufe kwenda kwenye pedi ya kuchezea, basi. Tableti ndiyo ilinitoa jasho. Mama akianza kuita, inaganda. Nikagundua sauti ni nzito, nikaweka filimbi badala yake, kotekote, ili gemu ifanane kwenye vifaa vyote. Masanja alikubali, akijua rekodi nimezitunza. Kompyuta ya kazi ni moja na inakaa kwangu. Ilipojaa, mimi na kiherehere changu nikazifuta. Nilijisemea mama yupo, tutamrekodi tena siku yoyote.

Haikupita miezi miwili, mama akafariki.

Tulipomaliza msiba Masanja akanifuata. "Kaka, nipe ile sauti ya mama. Sina kingine cha kwake." Pale pale ningesema. Badala yake nikajibu, "Ipo, ngoja niisafishe kidogo." Nikapanda gari mpaka Nassa kwa shangazi yangu, ambaye sauti yake inakaribiana na ya marehemu, nikamtajia majina ya wale ng'ombe, nikamwomba aite. Maskini shangazi wa watu, aliita kwa moyo wote akijua ni kazi ya gemu.

Masanja alisikiliza mara moja tu, akalia, akanikumbatia. Kisha akauliza, "Kile kikohozi chake umekitoa?"

"Nimekisafisha," nikasema. Jamani, nilisema hivyo, na macho makavu!

Sasa binti yake wa miaka minne, anayeisikia ikipigwa nyumbani, ameshaanza kuigiza. Nikifika kwao ananikimbilia, anaita ng'ombe kama shangazi yangu, anasema, "Bibi alikuwa anaita hivi." Wakinikaribisha chakula nasingizia nimeshiba.

Jumamosi hii ni misa ya mwaka mmoja. Masanja amekodi spika, anataka kuwasikilizisha ndugu wote, wakiwemo dada wawili wa marehemu waliokua naye. Wale hawatadanganyika. Jana amenipigia: "Kaka, utakaa mbele na familia. Wewe ndiye uliyetutunzia mama."

Nimekosa, najua, na mnaotaka kunitukana nitukaneni. Ila mnisaidie kabla ya Jumamosi: naanzaje kumwambia Masanja kwamba sauti anayoililia mwaka mzima ni ya shangazi yangu, na ya mama yake haipo tena popote?