Majina Yasiyofutwa kwenye Rejista

Mtu akiniambia kwamba shule za makazi yetu zilitusaidia kufaulu, damu inanichemka. Najua hana nia mbaya. Anawaona waliotoka pale wakawa wauguzi na walimu, na mimi nikiwamo, anafurahi. Lakini mimi najua tulisaidiwaje, na miaka yote hii nimekuwa nikilisema jambo hilo kwa kunong'ona. Nimechoka kunong'ona.

Nilizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, si mbali na Mpanda mjini. Wazazi wangu walipokimbia Burundi waliletwa kwenye msitu wa miombo, wakaonyeshwa barabara zilizonyooka, kila familia ikakatiwa kiwanja na shamba, na kila kijiji kikatengewa mahali pa shule. Wageni waliokuja na magari meupe walipenda sana kuzipiga picha shule zetu. Bati lilikuwepo, madawati yalikuwepo, bendera ilipandishwa asubuhi na kushushwa jioni. Baba yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa akimwambia kila aliyekubali kumsikiliza kwamba watoto wake wanasikia kengele ya shule wakiwa kitandani.

Na kusoma tulisoma, hilo silikatai. Katikati ya miaka ya tisini, nilipofika darasa la saba, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mwenyeji wa upande wa Inyonga, mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia. Yeye ndiye aliyeanzisha kambi. Miezi mitatu kabla ya mtihani kila mtoto wa darasa la saba alileta unga na maharage kutoka kwao, tukahamia shuleni, wasichana chumba hiki, wavulana kile. Alfajiri tulikuwa ubaoni. Mchana tulikuwa shambani kwake, tunamwandalia vitalu vya tumbaku na kumchotea maji ya kumwagilia, halafu jioni ubaoni tena. Ile tumbaku sijamsamehe mpaka leo. Lakini sitasema uongo, hesabu za sehemu nilizielewa kwa sababu yake, na nilipokosea alinieleza upya bila kunitukana.

Katika majaribio yote nilikuwa wa kwanza. Mtihani wa taifa ukaja, nikaufanya kwa jina langu, jina alilonipa bibi yangu. Siku ya mahafali nikapewa cheti cha kumaliza darasa la saba, baba akakifunga kwenye nailoni na kukichomeka chini ya godoro lake. Matokeo yalipotoka walichaguliwa wavulana wawili. Mimi sikuchaguliwa. Tuliambiwa nafasi za sekondari ni chache, na za watoto wa wakimbizi ni chache zaidi, kisha tukaambiwa turudi nyumbani tukalime.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mwalimu wa hesabu akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba, akasema, "Mzee, huyu mtoto hatumwachi. Januari arudi. Jina tumeshampatia."

Hapa ndipo watu wasiotoka kwetu hunikazia macho. Kurudia darasa la saba kulikuwa marufuku. Ukishafanya mtihani umemaliza, jina lako limekwisha kazi. Lakini kila mwaka kuna watoto walioacha shule: huyu kaolewa, yule kahama na ng'ombe wa mjomba wake, mwingine kaenda kuchimba dhahabu. Shuleni kwetu mtoto akiondoka jina lake halikufutwa kwenye rejista. Lilibaki, likapanda darasa kila Januari kama vile mwenyewe yupo, likafika la saba. Hapo walimu wakalichukua na kumvika mtoto mwenye akili aliyefeli. Kijiji kizima kilijua. Wazazi walishukuru, wengine walipeleka kuku. Hivyo ndivyo shule yetu ilivyowasaidia wanafunzi kufaulu, na usiniambie ni uzushi, maana mimi ndiye niliyevikwa.

Jina nililopewa lilikuwa la msichana wa mstari wa pili wa nyumba, tuliyekuwa tukichota naye maji kwenye pampu ya shule. Alikuwa nyuma yangu darasa moja. Katikati ya darasa la sita mama yake alijifungua mapacha, akaugua vibaya, na yeye akabaki nyumbani kumuuguza na kubeba watoto. Hakuacha shule. Aliomba ruhusa, na mwalimu mkuu alimwambia atarudi mama akipata nafuu. Lakini kwenye hesabu za walimu wetu, mtoto asiyeonekana miezi sita ni jina lililo wazi.

Je, mimi nilijua ni la nani? Nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, si mtoto wa kunyonya. Nilijiambia kwamba hatarudi, kwa sababu nilitaka asirudi.

Alirudi wiki ya pili ya Januari. Alikuwa amefua sare yake na kushonea kiraka begani. Mwalimu wa hesabu alikuwa anaita majina, na alipofika kwenye lile jina, nilisema, "Nipo, mwalimu." Sauti nyingine ikasema vilevile mlangoni.

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alimtazama yule msichana, akafunga rejista kidole chake kikiwa katikati ya kurasa, akamwambia bila ukali wowote, "We binti, jina lako limeshapata mtu. Nenda nyumbani kwanza, mwakani tutakutafutia jina lingine."

"Mbona ninalo, mwalimu?"

"Limeshaingia kwenye fomu za mtihani. Nenda."

Aligeuka akanitazama mimi, si mwalimu. Nikainama kwenye daftari langu, ambalo juu yake nilikuwa nimeandika jina lake kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake baba yake alikuja ofisini, kofia mkononi. Ilikuwa zamu yangu kufagia baraza, nikasikia kila neno. Alisema mtoto wake hakuacha shule, alikuwa akimuuguza mama yake. Mwalimu wa hesabu akamjibu kwa upole ule ule, "Mzee wangu, nyie ndio mnaturudisha nyuma. Huyu wako hesabu hawezi, hata akifanya mtihani hatatoka. Yule mwingine atachaguliwa. Akichaguliwa yeye, kijiji chenu chote kimefaulu. Sasa unataka tugombane kwa ajili ya jina?"

Na yule mzee, mtu mzima mwenye mke na watoto na shamba la ekari kadhaa alilolisafisha kwa mikono yake, akasema asante mwalimu. Asante! Akavaa kofia yake akaondoka, akanipita pale barazani, akanisabahi. Afadhali angenitukana. Afadhali angeitupa ile rejista kwenye matope, maana tulizoea kuambiwa tushukuru mpaka tukawa tunashukuru tunaponyang'anywa. Nikiwaza asubuhi ile, wa kwanza kumkasirikia si mwalimu. Ni ile asante.

Jioni nilimwambia baba kwamba mwenye jina karudi. Baba akasema, "Tusilete maneno. Sisi hapa ni wageni. Wewe soma." Mama alijaza beseni maharage, akalifunika kwa kitenge, akaenda nalo mstari wa pili wa nyumba. Asubuhi tulilikuta beseni mlangoni kwetu, maharage yamo yote, kitenge kimekunjwa vizuri juu yake. Mama aliyapika hayo maharage na sote tukala.

Mwaka ule nilisoma kwa hasira na kwa woga. Nilijua nisipochaguliwa nitakuwa nimemharibia mtu bure, na nilijifariji kwamba nikichaguliwa litakuwa si bure. Kambi ikaja, tumbaku ikaja, mtihani ukaja, nikaandika jina lake juu ya kila karatasi. Yeye nilimwona kila siku kwenye pampu, pacha mmoja mgongoni, mwingine akiburuzwa mkono. Alikuwa akinisalimia. Mimi nilikuwa nikijifanya nina haraka.

Desemba, siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alitukusanya uwanjani akasoma waliochaguliwa. Lilikuwamo jina moja la msichana, la kwanza katika historia ya shule yetu, alisema. Akalitamka lote, la mtu na la baba yake. Baba asiye wangu. Watu walipiga vigelegele, mwalimu wa hesabu akanishika mkono akauinua juu, macho yake yamejaa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo nalo linanikera. Ningekuwa na kazi rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Pembeni kwenye pampu, mwenye jina alikuwa ameacha kusukuma. Ndoo yake haijajaa. Mama mmoja aliyekuwa naye aliniambia baadaye kwamba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe nimefaulu," akaendelea kusukuma maji.

Mwaka uliofuata, kwa taarifa yako, katika darasa la saba jipya hakuna mtoto aliyekuwa ameacha shule. Mwalimu mkuu alisifiwa kwa hilo. Kwa hiyo halikupatikana jina la kumpa yule msichana.

Lakini hilo nililisikia baadaye, kwa barua. Kabla sijaondoka, mwenye jina alikuja nyumbani kwetu mara moja. Nilikuwa napanga sanduku la bati, kesho yake naenda Mpanda kupanda treni ya kwenda shule ya bweni. Baba alikuwa amenitolea cheti changu kile cha kwanza chini ya godoro, nami nilikuwa nimekilaza juu ya nguo, bado kimo ndani ya nailoni. Alisimama mlangoni akiwa peke yake, bila pacha hata mmoja. Sikuwahi kumwona bila mtoto mgongoni kwa mwaka mzima. Alionekana mdogo sana.

"Sikuja kugombana," alisema. "Mpanda kuna masista wanafundisha kushona. Wanataka cheti cha darasa la saba tu, hawaangalii zaidi. Wewe unacho kile ulichopata mwaka juzi. Huko unakoenda hukihitaji, unakwenda kwa jina langu."

Nikakunja shuka moja upya.

"Nitaitwa kwa la kwako," akasema. "Sijali. Nataka kushona tu, dada."

Aliniita dada. Nilikuwa namzidi mwaka mmoja. Cheti kilikuwa hapo mbele yetu, angeweza kunyoosha mkono akakichukua, lakini hakuwa mtu wa namna hiyo. Huko niendako kwa miaka minne kisingenifaa kwa lolote, tena kikionekana kingeniletea balaa. Nilikuwa na kila sababu ya kumpa. Badala yake nilikishika, nikakisukuma chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka na viatu, nikamwambia, "Hapana. Hilo ni jina langu."

Alinitazama mpaka nikasikia vizuri nilichosema. Na bado sikumpa.