Vipande vya Tyubu vya Rabson

Telesia Tweve hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili, kwa sababu hata mara ya kwanza alikuwa hasikii. Kijijini kwake, juu ya Tandala, huko Makete, hakuna asiyemjua: mnunuzi wa viazi, sauti nene ya kwaya, mama anayeendesha pikapu yake mwenyewe. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko breki zake. Watu walimpenda, lakini walimpenda wakiwa wamekaa mbali kidogo.

Pikapu hiyo ya bluu ndiyo iliyomtenganisha na mdogo wake, Rabson. Walitoka tumbo moja, na Telesia ndiye aliyembeba Rabson mgongoni kila mama yao alipokwenda shamba. Baadaye, Telesia alipochoka kukodi magari ya watu, alimtuma Rabson huyohuyo Makambako amnunulie pikapu iliyotumika. Sharti lilikuwa moja tu: iwe four-wheel, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mtu wa Makete haelezwi sababu. Masika yakiingia, udongo wa mlimani hulainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake hubaki bondeni likipiga kelele.

Rabson akarudi na ile ya bluu. Ilikuwa kuukuu lakini nzima, na ndani ilikuwa na gia mbili, ile ya kawaida na nyingine fupi ya pembeni, ya kuingiza four-wheel. Mchungaji aliiombea, kwaya ikaimba. Rabson kwa furaha yake akakata tyubu ya zamani ya tairi, akavifunika vitovu vya magurudumu ya mbele, akakaza kwa waya ili tope lisiingie. Huko kwao ndivyo wafanyavyo. Chochote kinachozunguka hufungwa tyubu, kuanzia baiskeli hadi mashine ya kusaga. Hakuna aliyeuliza chini ya ile mipira kuna nini, na Telesia alimshukuru sana mdogo wake.

Masika ya kwanza yalipofika, alipakia magunia ya viazi yaliyojazwa hadi kufura, lumbesa juu ya lumbesa, akaukabili mlima bila wasiwasi. Katikati akavuta ile gia fupi. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakatulia kana kwamba hayahusiki. Gari likarudi kinyumenyume, likalalia mtaroni, na viazi vikaporomoka mpaka mtoni. Telesia alitokea dirishani, kiatu kimoja mguuni.

"Mama Nelly," akasema jirani mmoja aliyekuja kusukuma, "hii haikuvuta mbele hata kidogo. Hii si four-wheel."

Jumapili, baada ya ibada, waumini wakiwa bado wamesimama mlangoni kusalimiana, Telesia alimwita Rabson mwizi. Hakunong'ona. Alisema amenunua gari la hovyo, akaweka kijiti ndani ili dada yake adhani ni gia, pesa iliyobaki akala. Rabson aliduwaa. Aliapa kwa kaburi la mama yao.

"Usimtaje mama yangu," Telesia akamjibu.

Mama yangu, alisema, kana kwamba Rabson aliokotwa. Waliokuwepo waliinamisha macho. Mwezi haukuisha, Rabson akamchukua mkewe Jackline wakahamia Mawengi, Ludewa, ukweni kwake, na mwanaume kuishi ukweni si jambo la kujivunia. Tangu hapo, miaka sita, ndugu hao hawakusemezana. Ile gia fupi Telesia aliigeuza msumari wa kutundikia mkoba. Fundi mmoja wa Njombe aliwahi kuinama chini ya gari akaanza, "Mama, mbona huku mbele kuna..." Hakumaliza. Telesia alimwambia abadilishe oili aliyoitiwa, habari za mbele amwachie mwenyewe. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Sunday school kwamba kuuliza si ujinga.

Mwaka huu Nelly, bintiye, akaposwa. Kikao cha mahari kikapangwa Jumamosi, na mahari bila mjomba haina heshima. Wazee wa ukoo wanaweza kujaa sebule nzima, lakini wageni watauliza tu: mjomba yuko wapi?

"Mama, nimpigie mjomba Rabson?" Nelly aliuliza.

"Mwizi hapokei mahari ya mwanangu."

Basi siku chache kabla ya kikao, Telesia akaondoka na Nelly kwenda Makambako kununua pikapu ya pili, kwa kuwa biashara ilikuwa imekua na ile ya bluu ilishazeeka. Safari hii hakumtuma mtu. Huko, mtaa wa Mahongole, alimkuta dalali aitwaye Hezekia, Mbena mcheshi mwenye koti refu, aliyekuwa na pikapu mbili uwanjani: nyeupe ya kuvuta nyuma tu, na ya kijani ya four-wheel, yenye umri mkubwa zaidi.

"Kamwene, mama," akamwamkia kwa Kibena. "Karibu uchague."

"Nataka ile nyeupe," Telesia alisema hata kabla ya kuikagua.

"Si mbaya. Haili sana mafuta, na vya kuharibika ni vichache. Ukizunguka hapa na Njombe kwenye lami, itakutosha kabisa. Unaishi wapi?"

"Makete."

Hezekia akacheka. "Mama yangu, hiyo nyeupe masika utaifunga kamba kama ng'ombe. Chukua ya kijani."

"Four-wheel ni uongo wenu madalali. Ninayo moja. Nimetundika mkoba kwenye gia yake."

Mbena wa watu hakukasirika. Aliwaambia wamfuate nyuma ya uwanja, palipokuwa na shimo la udongo wa kufyatulia matofali, limejaa maji ya mvua ya jana. Akaiingiza ile ya kijani mpaka ikanasa. Akavuta gia fupi, akakanyaga mafuta. Nyuma kukachimba, mbele kimya. Telesia alimgeukia Nelly na uso wa ushindi.

"Sasa tazameni," Hezekia alisema. Akashuka, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akafuta tope kwa kiganja, akashika kitu cha mviringo kilichokuwa katikati kabisa, akakizungusha. Kikalia tak. Akaenda upande wa pili, tak. Akapanda tena, na ile pikapu ikatoka shimoni polepole, magurudumu manne yote yakitafuna udongo.

Nelly alipiga makofi. Telesia hakupiga. Ushindi ulikuwa umemkauka usoni.

"Umezungusha nini pale?"

"Kufuli za mbele, mama. Hizi za zamani, gia peke yake haitoshi. Lazima ushuke ufunge mbele kwa mkono. Usipofunga, magurudumu ya mbele yanafuata tu, hayavuti."

"Za zamani zote?"

"Nyingi. Kwani yako haina?"

Telesia alikwenda ilipoegeshwa pikapu yake ya bluu, kwanza akitembea, kisha mbio, mama mzima mwenye kitenge. Akachukua kisu cha kukatia kamba za viroba, akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele. Tyubu ya Rabson ilikuwa imekauka ikashikana na waya. Aliikata, akaivuta, ikatoka pamoja na vumbi la miaka sita. Ndani kulikuwa na duara la chuma, pacha wa lile la Hezekia. Akalikwangua kwa ukucha mpaka herufi zikajitokeza. Upande mmoja pameandikwa "Free", huru, upande wa pili "Lock", funga.

Alikaa chini palepale, penye oili na mchanga, watu wasiomjua wakimpita. Kile kipande cha tyubu alikuwa amekishikilia kwa mikono miwili. Nelly alidhani mama yake ameugua ghafla.

"Mama, una nini?"

"Nimemzika mjomba wako," Telesia alisema. "Nelly, nimemzika mjomba wako akiwa hai."

Aliyaona yote kwa pamoja: mlango wa kanisa, uso wa Rabson, neno alilolisema juu ya mama yao. Yule fundi wa Njombe aliyetaka kumwambia. Ukweli wote ulikuwa hapa, kwenye gari lake, umefunikwa kwa kipande cha mpira, na yeye ameupita kila asubuhi akienda kununua viazi. Alijichukia.

Hezekia alifika, akaelewa bila kuelezwa mengi. Akaleta oili na koleo, akaikata na tyubu ya gurudumu la pili, akazilainisha zile kufuli mpaka zikakubali kugeuka kwa mkono. Ndipo akauliza kwa upole kama mama ameshaamua, nyeupe au kijani.

"Sinunui kitu, kaka yangu," Telesia alisema. "Gari ninalo."

Walilala Njombe kwa rafiki wa kwaya, na kesho yake wakashika njia ya Ludewa mvua ikinyesha. Telesia aliendesha vile vipande viwili vya tyubu vikiwa mapajani. Karibu na kwa Rabson, Mawengi, kuna mpando wa udongo ambako kila gari husukumwa. Wasukumaji walikuwa wamekaa chini ya paa la kibanda wakingoja, wakainuka walipoliona gari. Telesia akawazuia kwa mkono. Akashuka kwenye mvua, akachuchumaa, akazungusha. Tak. Akazunguka upande wa pili, tope likimfika kwenye viwiko. Tak. Akarudi ndani, akauondoa mkoba kwenye gia fupi, akaivuta.

Gari likapanda. Halikuteleza, halikupiga kelele, lilipanda tu, na Telesia aliyelisubiri jambo hilo miaka sita alilia njia nzima mpaka juu, kwa sauti.

Rabson alikuwa uani akipasua kuni. Alikuwa amekonda, na nywele za kando zilishaanza mvi. Alipoiona pikapu ya bluu, shoka likamtoka mkononi. Jackline alitokea mlangoni, akasimama hapohapo.

Telesia hakusalimia. Alinyoosha mkono wenye vile vipande vya tyubu.

"Unavikumbuka hivi?"

"Ni vyangu, dada. Nilikufungia mimi."

Akamvuta mpaka kwenye gurudumu, akamwonyesha. Alimweleza alivyoeleza Hezekia, na alipofika mwisho akapiga magoti kwenye tope, mkubwa mbele ya mdogo, jambo ambalo kwao halifanyiki. "Nisamehe, Rabson. Nilikunyang'anya mama yetu mbele ya watu."

Rabson alikuwa hamtazami. Alikuwa akitazama chini, kwenye mpando, ambako alama za magurudumu manne zilikuja moja kwa moja mpaka uani kwake.

"Nani kakusukuma?"

"Hakuna."

Aliduwaa kama siku ile ya kanisani. Kisha akakaa kitako kwenye maji, kichwa mikononi. "Dada, mimi nilikuamini wewe," alisema. "Nilidhani nimekuibia bila kujua. Nilidhani walinidanganya kule Makambako, na kwa ujinga wangu nikaporomosha viazi vyako mtoni. Miaka yote hii nimekuwa nikiomba msamaha kwa Mungu kwa wizi huo."

Telesia akajikokota kwa magoti mpaka alipo, akamshika bega. Nelly ndiye aliyesema.

"Mjomba, Jumamosi wanakuja wakwe. Tumekuja kukuchukua."

Rabson aliinuka taratibu, akaenda kuchuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Akakishika kile kitu cha chuma, akakizungusha, akakirudisha, akakizungusha tena. Mvua ilimnyeshea na Jackline akamwita aingie ndani, lakini aliendelea kuzungusha.

"Kumbe sikuiba," alisema.