Mama Yangu Ameishia Kitabu cha Kwanza

Admin, jina langu lifiche, la mama yangu ndiyo kabisa, maana yeye ameshajulikana kupita kiasi. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, naishi Kiseke hapa Mwanza, nashona sare za shule. Na ni mwandishi. Msicheke. Nimeandika vitabu saba vya hadithi moja. Nilianza kwa kuvituma kipande kipande kwenye magrupu ya simu, baadaye vikachapwa, na huenda wengine wenu mlivisoma.

Ni hadithi ya ufalme ulio chini ya ziwa. Kuna Bibi mmoja mwenye macho mekundu. Kwenye kitabu cha kwanza watoto wanapotea kijijini na kila mtu anasema Bibi ndiye anayewachukua. Unasoma unamchukia. Mpaka kitabu cha tano ndiyo unajua macho yake yameharibiwa na moshi, kwa kukaa miaka yote akichochea moto ambao ukizimika tu, dubwana la ziwani linapanda nchi kavu. Wale watoto alikuwa anawaficha wasiliwe. Wasomaji walilia. Wengine walinipigia simu wakitaka niwaombee msamaha kwa Bibi, kana kwamba yupo.

Na yupo. Ni mama yangu. Anakaa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na ametusomesha kwa kubanika samaki. Macho yake yameliwa na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe. Ninyi wa kanda hii mnajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwaje, sina haja ya kulitaja hilo neno. Vitabu vyote saba niliviandika kwa sababu ya neno hilo.

Mwaka jana akanijia kijana mmoja muongozaji, akataka kuvifanya tamthilia ya mtandaoni, vyote, msimu baada ya msimu. Nikamsainia. Nilimpeleka Kamanga aone mazingira, lakini alipomwona mama akasahau mazingira. "Shikamoo mama. Bibi ni wewe, sitafuti mwigizaji mwingine." Mimi nilisita. Mama hakusita hata kidogo. Vitabu hivyo nimemsomea mwenyewe kwa sauti, anavijua kuliko msomaji yeyote. Alicheka, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Acha nichukiwe kidogo mwanzoni," akasema. "Wakifika cha tano watanililia."

Msimu wa kwanza ukatoka. Mama aliigiza vizuri, vizuri mno. Ukaishia pale kinapoishia kitabu cha kwanza: watoto hawajaonekana, Bibi kasimama mlangoni anaitazama kamera. Kipande hicho ndicho kilichozunguka kwenye simu. Vitabu vimesomwa na wachache, kipande kimeangaliwa na kila mtu. Nilipoandika maelezo chini ya ile video, mtu akanijibu, "Mtoto wa bibi naye kajitokeza," na mamia wakacheka.

Watoto waliokuwa wanamkimbilia mama na shikamoo zao sasa wanamkimbia. Wateja wa samaki wamehamia kwa mwingine. Kisha mtoto wa jirani akapata degedege. Mama yake, mwanamke niliyekua naye, akaja kusimama uani kwetu. "Mama, nakuomba kwa heshima zote, mwachie mwanangu." Kwa heshima zote! Mama akamwambia, "Mwanangu, ile ni picha tu. Mpeleke hospitali." Walimpeleka, akapona, namshukuru Mungu. Lakini hata huko kupona wamekugeuza. Wanasema aliombwa ndiyo akamwachia.

Wiki iliyopita mama akakuta jiko lake la kubanikia limevunjwavunjwa. Mwenyekiti wa kitongoji alisema atafuatilia, halafu akanivuta pembeni. "Dada, mchukue mama. Mimi siwezi kulinda mlango wake." Nikaenda kumchukua, chumba nimeshaandaa. Alikataa kupanda kivuko. "Nikiondoka watasema kumbe kweli. Nimeolewa hapa, baba yako nimemzika hapa. Siondoki kama mchawi." Yeye ndiye aliyelitamka neno, mimi nikabaki nalia.

Nikamfuata muongozaji, nikamsihi aruke, arekodi kitabu cha tano sasa hivi. Aliniangalia kama mtoto anayesumbua. "Dada, vitabu vyako virefu. Watu hawaangalii bibi mwema. Msimu wa pili Bibi amle mtoto mmoja, tena waziwazi. Tukipata watazamaji ndiyo tutafika huko kwenye cha tano." Katika vitabu saba sijaandika mtoto hata mmoja anayeliwa. Nilitamani kumzaba kibao. Kwa mkataba ule hanihitaji tena mimi, anamhitaji mama, kwa kuwa sura ya Bibi ni yake.

Nikamweleza mama nikijua atakasirika, atakataa, yaishe. Akauliza tu, "Nikishamla huyo mtoto, watafika cha tano?"

"Mama, hawa watu hawafiki."

"Mwambie nitaigiza. Mimi sina pengine pa kusafishiwa jina."

Sasa ndugu zangu, nimechoka. Nikimzuia, namwacha pale pale mlangoni, watoto hawajaonekana. Nikimruhusu, atamla mtoto wa watu mbele ya nchi nzima, kisha atarudi kulala Kamanga peke yake. Kaka yangu anasema tumbebe kwa nguvu, mimi naona hapo tutakuwa tumemtangaza sisi wenyewe. Na ninyi mnaosoma hapa, najua mpo mliokituma kile kipande na vicheko juu. Kifuteni, hata kama mmechelewa.

Zamani akinipigia simu alikuwa anaanza na wajukuu. Siku hizi anaanza na swali moja: "Wamefika kitabu cha ngapi?" Jana nilikata simu nikasingizia mtandao. Leo jioni atapiga tena. Niambieni, nimjibu nini?