Niliyelichafua Jina la Amisi

Nilipokuwa na miaka tisa, pale Buzebazeba, shavu langu lilivimba, na bibi akasema aliyelivimbisha ni marehemu.

Ugomvi ulianzia kwenye rede. Bahati, mtoto wa wakimbizi waliovuka ziwa kutoka Kongo, alinitoa mchezoni, nami nikamrushia maneno niliyoyaokota kwa wakubwa: baba yako aliuawa kwa sababu ya wizi. Alichukua ndala zake akaenda.

Siku chache baadaye shavu likajaa kama andazi. Bibi aliponibana nikakiri. Akaniambia mtu aliyeuawa asizikwe hana kaburi, kilichobaki chake ni jina; ukilichafua, mdomo wako utalipa. Akanifunga kanga kidevuni, akanikokota mchana kweupe hadi kwa Mama Bahati, kule Kasingirima.

Mama Bahati alikuwa akichambua dagaa. Bibi alieleza yote, hakunificha. Nilingojea kofi. Yule mama akanawa mikono kwanza, akaniketisha mkekani.

"Bwana yangu Amisi hakuiba kitu ya mutu," alisema. "Alikuwa fundi ya viatu. Sema."

Nikasema, taya likiwaka moto.

"Siye tulikimbia. Yeye alirudia mama moja kipofu, jirani. Wakamuua pale kwa mulango. Sema."

Nikasema.

"Na alikuwa anakoroma," Bahati akadakia kutoka uani.

"Hiyo acha," mama yake akamkata, kisha akainamia dagaa zake, mabega yakitetemeka. Sikujua kama anacheka.

Uvimbe ulipungua baada ya wiki. Ulipungua pia kwa nusu ya darasa letu, watoto ambao hawakumtukana mtu. Yalikuwa matubwitubwi, virusi, full stop. Nimesoma, digrii ninayo, kazi ndiyo sina. Juzi kijiweni Katubuka, wasomi wenzangu wanaosubiri connection walikuwa wakijadili mauaji ya ng'ambo. Mmoja akasema, "Hawa watu hawauawi bure, bro. Kuna kitu walifanya."

Nilimtazama mashavu. Laini kabisa. Bibi angekuwa sahihi, nusu ya mji huu ingetembea nyuso zimeumuka. Wapi! Hakuna kinachowapata. Familia ile haikuwa na kaburi la kupalilia wala hakimu wa kumlilia; ilikuwa na midomo yetu tu, na bibi alilijua hilo, akatafuta namna ya kuitia hofu.

Nikaanza kuwaeleza habari za fundi viatu. Mmoja akatoa simu akawa anachezea. Niliendelea mpaka mwisho.