Vumbi la Omena Katika Bustani ya Induben

Wilkista hana imani na mboji ambayo hajaishika. Huchomeka fimbo katikati ya biwi, akaiacha kidogo, akaichomoa na kuikamata. Ikiwa ya moto, majani yanaoza vizuri. Ikiwa baridi na kavu, anatia maji na kulipindua biwi zima. Ujuzi huo aliupata Mbale kwa mama mmoja, Nangila, aliyemfundisha kupanga majani, samadi na maganda ya kahawa tabaka kwa tabaka. Mumewe alipofariki, Wilkista alihamia Bugembe, nje kidogo ya Jinja, na wanawe, mkubwa akiitwa Cliff.

Huko akapata kazi katika bustani ya Induben, mama wa Kihindi wa mjini Jinja mwenye mwana aitwaye Bhavesh. Sharti lilikuwa moja. Nyumba ile haili nyama, samaki wala yai, na mboga za kwanza za kila msimu hupelekwa hekaluni kama sadaka. Basi hata udongo wake usitiwe damu wala mfupa. Wilkista alikubali, na kwa miaka sita wanawe walisoma kwa jembe hilo.

Mwaka huu biringanya zilidumaa, majani yakawa manjano. Wilkista aliona aibu. Kwao alikozaliwa, ziwani, shamba likichoka hulishwa vumbi la omena, wale dagaa wadogo, linalobaki chini ya gunia. Akachukua debe moja sokoni Bugembe, akalifukia ndani ya biwi. Alijiambia kwamba kilichooza hakina jina tena.

Msimu uliofuata biringanya zilijaa, nyeusi, zinang'aa, hata majirani wakawa wanachungulia uani. Induben alitoka asubuhi na sinia la shaba, akachuma sita za kwanza kwa mkono wake.

"Mama Cliff, hii udongo ulilisha nini?" aliuliza, akitabasamu.

Wasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ingefika mbali: hakuna shahidi, na omena wenyewe walishakuwa udongo. Wilkista aliogopa. Alilitazama sinia, akaiona kazi yake inaondoka.

"Usipeleke, Mama Bhavesh," alisema. "Nilitia vumbi la samaki kwa mboji."

Induben hakufoka. Aliweka sinia chini, akaenda bombani, akanawa mikono kwa muda mrefu. Kisha akasema udongo wote wa matuta yale uondolewe. Wilkista aliuchimba siku nne, akaupeleka kwake Bugembe, akarudi kuanza biwi jipya.

Hakufukuzwa. Ila sasa kila kapu la maganda na majani likifika, Induben hutoka na kiti chake, akaketi kando ya biwi, akalipekua kapu mpaka chini kabla halijamwagwa. Wilkista husimama pembeni, mikono nyuma, akingoja kuambiwa amwage. Miaka sita yote hakuna aliyewahi kulikagua kapu lake.