Mwizi asiingie, mtoto atoke

Jua la Nyakanazi limeshapanda, na Eustakia Rogasian amepiga magoti ndani ya shimo lililochimbwa mbele ya dirisha, akijaribu kuwa mwizi.

Ana waya mnene aliokunja ncha kama ndoana. Anaupenyeza kati ya nondo za grili aliyoifunga mwenyewe asubuhi hii, anautafuta mpini wa komeo kwa ndani, anakosa. Anajaribu kwa mkono. Kiwiko kinakwama. Jasho linamchuruzika puani, lakini hapumziki mpaka ajaribu kila pembe.

“Hapa nimeshindwa,” anasema, akifuta mikono kwenye ovaroli. “Nikishindwa mimi niliyelitengeneza, na mwizi ahangaike.”

Pembeni ya shimo amesimama Mzee Kazimili, baba mkwe wa mwenye nyumba. Tangu kazi ianze hajaridhika.

“Fundi, umeweka dirisha au umewawekea wezi mlango? Chuma kinafunguka, bila kufuli! Mbona hukuwawekea na kengele ya kubisha hodi?”

“Mzee wangu, hodi watapiga, ila hakuna wa kuwafungulia,” Eustakia anamjibu, na mzee anacheka bila kupenda.

Nyumba hii imejengwa kwenye mteremko. Upande wa barabarani ni mgahawa wa Rozina, mwenye nyumba, ambapo madereva wa malori hushuka kula ugali na nyama. Chini yake, ndani ya udongo, kuna vyumba viwili. Kimoja ni cha Mzee Kazimili. Katika kingine wanalala watoto wa Rozina: Wema, mwenye miaka tisa, na mdogo wake Samweli, ambaye hata akisimama juu ya kitanda hafikii dirisha.

Ngazi ya kupanda kutoka huko ni moja tu, na inatokea jikoni, karibu kabisa na mtungi wa gesi na majiko ya mkaa.

Mwezi uliopita, watoto wakiwa kwa shangazi yao Biharamulo, wezi walitanua nondo za dirisha hilo kwa jeki ya gari wakaingia. Walibeba cherehani na magunia ya mchele. Tangu hapo Rozina halali vizuri.

“Nikifikiria mikono ile iliyopita pale juu ya kitanda cha wanangu, mwili unanisisimka,” anasema. “Nilitaka nondo nene, kufuli kubwa, na ufunguo nikae nao mimi. Fundi akaniuliza, jiko likilipuka na wewe uko sokoni, je? Nilikasirika. Niliona ananitabiria mabaya.”

Eustakia amezoea hasira hizo. Mwezi huu peke yake wateja watatu wamemwacha wakaenda kwa mafundi wengine. Hafungi grili ya chumba cha kulala isiyofunguka kwa ndani, na hakubali komeo lake litegemee ufunguo. Anazisogeza nondo karibu karibu na kuzifunga kwa vyuma vya kukatiza ili jeki isipate pa kusukuma. Komeo analikinga kwa kipande cha bati nene, mkono wa nje usilifikie.

Msimamo huo aliupata Rusumo. Alizaliwa Kirushya, kwa wazazi wakulima wa ndizi na maharage, na alipomaliza shule alipata kazi ya usafi katika nyumba ya wageni karibu na mpaka. Mchana mmoja godoro liliwaka kwenye korido wakati yeye anatandika chumba cha mwisho. Moshi ukaziba mlango. Akakimbilia dirishani, akakuta nondo.

“Nilizishika hivi,” anasema, akikunja vidole hewani. “Watu wako nje, wananiona, ninawaona. Wananiambia toka, toka! Natokaje?”

Dereva wa lori alifunga mnyororo kwenye grili, akawasha gari, akaing’oa pamoja na matofali. Eustakia alitoka na kovu linaloshuka kutoka bega la kushoto hadi kiwikoni. Wiki iliyofuata aliletwa fundi. Alizinyoosha nondo zilezile, akazichomelea palepale.

“Nikamuuliza, na safari nyingine? Akacheka, akasema mpaka dereva apite tena. Nikamwambia nifundishe kazi hii.”

Haya anayasimulia mezani mgahawani, chai ikipoa mbele yake. Akiimaliza anasimama. Bado kuna jaribio la pili, na hili halifanyi yeye. Siku zote hufanywa na yule anayelala chumbani, na wakiwa watoto zaidi ya mmoja, hufanywa na mkubwa wao.

Wema amefungwa macho kwa kitenge cha mama yake, kama aliye ndani ya moshi. Tangu grili ifungwe amefundishwa kupanda benchi lililo chini ya dirisha, kupapasa ukutani, kuinua mpini na kusukuma. Anaingizwa chumbani peke yake. Pazia limeshushwa. Mlango unafungwa.

Rozina na Eustakia wanabaki nje ya mlango.

Benchi linalia. Kisha komeo linainuka, kacha! Rozina anashusha pumzi. Chuma kinagonga kitu, kinarudi. Kinagonga tena.

“Mama, limegoma!”

“Sukuma, mwanangu!”

“Nasukuma! Mama, halitoki! Kuna kitu kinanichoma!”

Rozina anausukuma mlango kwa bega. Wema yuko juu ya benchi, mkono mmoja umepita kwenye upenyo mdogo wa grili, analia. Eustakia analivuta pazia. Shimo lote limejaa matawi ya mgunga, miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia.

Nje inasikika sauti ya Mzee Kazimili. “Ni mimi! Ngojeni, ni mimi!”

Walipokuwa wakinywa chai, aliona kazi imekwisha, akaenda kuongeza ulinzi wake. Alihamia huku na ng’ombe wake kutoka Shinyanga, na zizi lake amelizungushia miiba hiyohiyo. Sasa anaing’oa shimoni kwa mikono mitupu, tawi baada ya tawi, damu ikimtoka viganjani, na hataki kusaidiwa.

“Ng’ombe wangu hawajawahi kuibwa, sababu ya miiba hii,” anasema akihema. “Nikasema, na mjukuu wangu nimzungushie.”

“Mzee, ng’ombe asubuhi unawafungulia wewe,” Eustakia anamwambia taratibu. “Huyu atafunguliwa na nani?”

Mzee anainama kuokota mwiba uliobaki.

Wema anafutwa machozi, anapakwa mafuta mkononi. Mama yake anasema yatosha kwa leo. Eustakia anachuchumaa mbele ya mtoto, anamwuliza yeye. Wema anakitazama kitenge kwa muda, kisha anakichukua na kujifunga macho mwenyewe.

Safari hii benchi linalia, komeo linainuka, na grili inafunguka mpaka ukutani. Kichwa kinatokea, kisha magoti. Babu yake anashuka shimoni kumpokea.

“Hapana, Mzee, mwache,” Eustakia anasema. “Siku yenyewe unaweza usiwepo.”

Mzee anarudi nyuma, mikono bado ameinyoosha, mpaka Wema apande vidato vya shimo na kusimama juani. Ndipo anamkumbatia.

Eustakia anakusanya vifaa. Anasema anakusudia kusimamisha fremu moja yenye grili kando ya barabara, palipo na stendi, kila apitaye aingie nyuma yake na kujaribu kutoka.

“Wote huja kuniuliza mwizi ataingiaje,” anasema. “Natamani siku moja mteja aanze na swali la pili, kabla sijafungua mdomo.”

Anainua mashine yake ya kuchomelea. Mzee Kazimili anakohoa, akifuta viganja kwenye suruali, macho ameyaelekeza kwenye dirisha la chumba chake mwenyewe.

“Fundi,” anasema, “na mimi pale natokaje?”

Eustakia anaitua mashine chini, anatafuta futi yake ya kupimia.